c_cpp_properties.json ikae kwenye Git au itolewe?

Nukta_Koma: Wakuu, mradi ni C++ na SDL2 (maktaba ya kutengenezea michezo), unajengwa kwa CMake (programu inayopanga ujenzi), watu wako Linux, Windows na Mac. Mmoja kakomiti folda ya .vscode (mipangilio ya edita ya VS Code), ndani yake kuna c_cpp_properties.json, na includePath, yaani njia ya kutafutia heda, imeandikwa /opt/homebrew/include/SDL2. Kwake safi. Kwa wengine programu inajengwa bila shida, lakini edita imejaa mistari myekundu chini ya `#include <SDL.h>`. Faili hiyo ibaki?

Fundi_Heda: Itolewe leo leo. Hiyo ni njia ya Mac zenye chipu ya Apple. Mac za Intel, Homebrew (kisakinishi cha programu) inakaa /usr/local. Debian ukisakinisha libsdl2-dev, heda ziko /usr/include/SDL2. CMake inajua zilipo, iulizeni yenyewe:

`cmake -S . -B build -G Ninja -DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON`

Hapo inazaliwa build/compile_commands.json, orodha ya amri za kukompaili kila faili. clangd (inayoisaidia edita kuelewa C++) inaiona bila kuambiwa, maana inapanda folda moja moja kutoka faili ulilofungua na kuchungulia build ya kila folda. Ila wanaoandika `<SDL2/SDL.h>` waache uvivu kwanza.

Jembe_la_Zamani: Uvivu? Hiyo ya SDL2/SDL.h ndiyo yangu, na Linux inapita bila flagi hata moja. Yako bila -I/usr/include/SDL2 haisogei. Mvivu nani hapo?

Fundi_Heda: Inapita kwa bahati, mzee. Piga `pkg-config --cflags sdl2` uone: `-I/usr/include/SDL2 -D_REENTRANT`. Njia inaishia NDANI ya SDL2, kwa hiyo kinachobaki kuandika ni SDL.h. Fungua kifurushi cha Windows cha Visual C++: include/SDL.h, hakuna folda ya SDL2 hapo. Yako inakufa papo hapo.

Jembe_la_Zamani: Cha MinGW je? Kina include/SDL2. Umechagua ushahidi unaokufaa. Halafu SDL3 mwongozo wao wenyewe unasema `<SDL3/SDL.h>`. Nani kashinda?

Fundi_Heda: Swali ni SDL2, usihame uwanja.

Bi_Semikoloni: Mtu kaja na homa, nyie mnagombania kofia yake. Fundi, umeweka -G Ninja ukanyamaza kwa nini umeiweka. Hiyo ni jenereta, inachagua zana ya kujengea. Mtu wa Windows akiacha jenereta ya Visual Studio, ile flagi ya CMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS inapuuzwa kimya kimya. Inafanya kazi kwa Ninja na Makefile tu. Atakaa anatafuta faili ambalo halitazaliwa.

Nukta, tatizo ni yaliyomo kuliko faili lenyewe. Futa includePath, weka `"configurationProvider": "ms-vscode.cmake-tools"`, edita ichukue njia kutoka CMake. Faili la namna hiyo halina njia ya mashine ya mtu, likomitiwe tu. Lisiloingia Git ni compile_commands.json: kila amri ina "directory" yenye njia kamili ya mashine iliyolizalisha.

Fundi_Heda: Ninja iko wazi, dada.

Bi_Semikoloni: Wazi kwako.

Nukta_Koma: Kama folda ya kujengea ni out/debug, siyo build? Nilifikiria kiungo cha `ln -s`.

Bi_Semikoloni: Windows viungo hivyo vinadai ruhusa maalumu. Weka faili la .clangd kwenye mzizi wa mradi:

```
CompileFlags:
  CompilationDatabase: out/debug
```

Njia ni ya uhusiano, hivyo hili nalo linakomitika.

Jembe_la_Zamani: Kila kitu CMake. Tulio na Makefile tupu tukalale?

Fundi_Heda: `make clean`, kisha `bear -- make`, itawazalishia compile_commands.json. Usiruke clean: Bear inaandika amri zilizoendeshwa tu, kama vyote vimeshajengwa unapata orodha tupu. Na kama maktaba mmeiweka ndani ya mradi, compile_flags.txt inatosha: flagi moja kila mstari, mfano `-Ithird_party/SDL2/include`. Njia inahesabiwa kuanzia faili lilipo.

Nukta_Koma: Nimewaelewa. Kwa hiyo nikishaweka configurationProvider, includePath haina athari kwenye kujenga?

Bi_Semikoloni: Haikuwa nayo hata kabla. Ni ya edita peke yake. Ndiyo maana mtu anaongeza njia pale, wekundu unatoka, g++ bado inalia kuwa SDL.h haipo. Ya kujengea inatoka kwenye `find_package(SDL2 REQUIRED)` na `target_link_libraries(mchezo PRIVATE SDL2::SDL2)`.

Jembe_la_Zamani: Sawa. Na ile kauli ya uvivu?

Fundi_Heda: Ipo pale pale. Mkihamia SDL3 nitakuomba radhi.