Idi Kubwa Muscat na mama: gari ya kukodi, basi au teksi?

binti_mkunazini

Assalaam alaykum jamani, naomba ushauri kwa mnaokaa Oman au mliowahi kwenda wakati wa sikukuu. Mwaka huu inshallah nampeleka mama Muscat kwa mdogo wake, hawajaonana miaka 11, wanasikiana kwenye simu tu. Tunatua siku mbili kabla ya Idi Kubwa na tunakaa siku tisa. Mimi, mama (ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, ngazi tatu tu anatafuta pa kukaa) na mwanangu wa kiume wa miaka 9.

Tutafikia Al Khoud kwa mama mdogo. Halafu kuna ami yetu Nizwa ambaye lazima twende, na mama ameshika neno moja tu, anataka kuuona mji wa Sur kabla hajafa, babu yake alitokea huko kwa jahazi na maisha yake yote amelisikia hilo jina bila ya kuliona.

Sasa swali langu ni usafiri. Mume wangu haendi, dereva ni mimi. Unguja naendesha mwaka wa nane sasa lakini kule wanapita upande wa kulia wa barabara, na mimi sijawahi kuendesha hivyo hata siku moja. Nikodi gari siku zote tisa tujitegemee? Au mabasi yapo ya kutosha? Au teksi? Mama mdogo anasema msijali nyie njooni tu watoto watakupelekeni, lakini nyumba ya watu siku ya Idi imejaa wageni, naona haya kila siku kumwambia kijana wa watu nipeleke huku nirudishe kule. Na nimesikia foleni za sikukuu kule si mchezo.

---

mzee_wa_seeb

Waalaykum salaam binti yangu. Mimi niko Seeb mwaka wa 14 huu, nitakueleza kama ninavyoona kila Idi.

Kwanza ujue Muscat si kwao kwa watu wengi wanaokaa Muscat. Kazi ziko huku lakini kila mtu ana mji wake wa asili, wenyewe wanasema balad, Nizwa, Bahla, Ibra, Sohar, Rustaq, na Idi hailiwi Muscat inaliwa kwao. Kwa hiyo ile siku kabla ya Arafa na siku yenyewe ya Arafa gari zote zinatoka mji mmoja kwa wakati mmoja. Pale Burj al Sahwa ndipo njia ya Nizwa inapoanza, na kuanzia mchana mpaka usiku utaona taa nyekundu tu mbele yako hadi Samail. Polisi wenyewe sikukuu huyazuia malori yasipite barabara kuu saa za msongamano, na bado pamejaa. Barabara ya Batina ya kwenda Barka na Sohar nayo hivyo hivyo.

Sasa tazama, siku ya kwanza ya Idi asubuhi Muscat ni nyeupe. Unaweza kutoka Al Khoud ukafika Mutrah hujakutana na foleni. Foleni inarudi siku ya mwisho ya likizo, alasiri mpaka usiku, safari hii watu wanaingia mjini.

Kwa hiyo usiniulize gari au basi kwanza, jiulize siku gani unakwenda wapi. Siku mbili za kwanza huna haja ya gari kabisa, mama yako na mdogo wake watakaa walie wacheke, nani atataka kutoka? Nizwa nenda siku ya pili ya Idi asubuhi saa mbili saa tatu, wenyeji wameshafika kwao wametulia na wa kurudi hawajaanza. Na urudi kabla ya ile siku ya mwisho. Uzuri wa Idi Kubwa ni kwamba mwezi wa mfungo tatu ukishaandama tu mnajua siku yenyewe, mna siku kama kumi za kupanga, si kama Idi ndogo watu wanangoja mwezi usiku ule ule.

Kukodi siku tisa ni kutupa pesa, gari italala nje kwa mama mdogo inapigwa jua.

---

Tanga2Ruwi

Dada mimi nataka niongelee hilo la upande wa kulia tu kwasababu watu wanalichukulia rahisi.

Mimi ni dereva kwa kazi, nimeendesha Tanga Dar Arusha miaka mingi, na siku ya kwanza Oman niliogopa kuliko siku niliyojifunza gari. Njia iliyonyooka haina shida, njia tatu nne unafuata wenzio. Shida ni mikono na macho. Nikitaka kuwasha indiketa nawasha waipa, kwasababu kwenye gari zetu kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia, kule kiko kushoto, sasa uko mbio 100 unataka kuhama njia, kioo kinaanza kufutwa kikavu na aliye nyuma hajui kama unahama. Mkono wa kulia unatafuta mlango na gia iko upande wa pili. Hapo chukua otomatiki, hilo usibishane nalo.

Halafu kipilefti, ule mzunguko wa njia panda. Kwetu unaingia kushoto unampisha anayetokea kulia kwako. Kule unaingia kulia unampisha anayetokea KUSHOTO. Macho yamezoea kuangalia kulia, unaona peupe unaingia, kumbe gari inakuja ubavu wa kushoto. Hii mara mbili ilinikosa kidogo sana na sijaisahau mpaka leo.

Dawa niliyotumia ni kufanya mazoezi ile asubuhi ya Idi mji mtupu. Watu wakiwa kwenye swala na baada ya hapo wanakula, mabarabara yako wazi, zunguka mitaa ya Al Khoud na Mawaleh saa moja nzima, ingia kipilefti toka, ingia toka, mpaka kichwa kizoee. Umchukue kijana wa mama mdogo akae pembeni. Mama asiwemo siku hiyo.

Na tochi za kupima mwendo ziko kila mahali, za kudumu zimesimamishwa pembeni, mwendo mkubwa kabisa barabara kuu ni 120. Mkanda hata wa nyuma mfunge. Faini inakuja kwa kampuni ya gari na wao wanakata kwenye depoziti yako ushafika nyumbani.

---

malindi_msafiri

Mimi sina gari na nimeishi hapa miaka sita, nafanya kazi Ruwi, kwa hivyo nitetee basi kidogo. Mabasi ya Mwasalat ni mazuri, baridi, safi, dereva hashindani na mtu. Ya mjini yanapita barabara kuu ile ya Sultan Qaboos kutoka Ruwi, uwanja wa ndege mpaka Mabela huko, ni baisa (senti za rial) mia chache tu. Ya mikoani yapo ya Nizwa, ya Sur, hata ya Salalah ambayo ni kilomita kama 1,000, utakaa humo siku nzima.

Lakini nikisema ukweli, kwa mama wa miaka 71 sikukuu singemchukua basi. Si basi lenyewe, ni pale unaposhuka. Basi la Nizwa halikufikishi kwa ami, linakushusha kituoni na hapo ni jua la mwezi wa tano, arubaini na zaidi, lami inachoma mpaka ndani ya kandambili, na teksi siku ya Idi madereva nao wako kwao wanakula nyama. Mwaka mmoja nilishuka Nizwa siku ya pili ya Idi nikasimama kivulini kwa ukuta wa duka lililofungwa karibu saa nzima, chupa ya maji ilikuwa moto kama ya chai, mpaka mzee mmoja akasimamisha pikapu akanichukua bure na akataka niingie kwake nile kwanza. Watu ni wakarimu sana hapa. Lakini usipange safari ya mama kwa kutegemea pikapu ya mtu.

Na ratiba za Idi hubadilika, angalia siku mbili kabla, sio mwezi kabla.

Teksi kwa mjini tumia apu ya OTaxi, bei unaiona kabla hujapanda. Zile za barabarani nyeupe na rangi ya chungwa, patana kwanza kabla hujafungua mlango.

---

binti_mkunazini

Mashallah ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu akulipeni. Hilo la waipa sijawahi hata kuliwaza, na kipilefti nimekaa kitandani nikakizungusha kwa kidole hewani nikaona kweli ningeingia vibaya.

Mzee wa Seeb nimekuelewa, siku kwanza halafu gari. Ila Sur je? Hiyo ndiyo safari yenyewe kwa mama. Na mwanangu ameona video za mlima wa Jebel Akhdar kule upande wa Nizwa anataka kupanda, hiyo inawezekana kwa gari ndogo?

---

umm_salma_sur

Nimeona Sur nikasema lazima nijibu, mie nimeolewa huku kutoka Wete mwaka wa tisa.

Jebel Akhdar kwanza nikumalize. Pale Birkat al Mouz kuna kizuizi cha polisi, gari isiyokuwa fowili (inayovuta magurudumu yote manne) hawaipitishi, kwasababu ya mteremko wakati wa kushuka breki zinaungua. Kwa hiyo kwa gari ndogo sahau. Muombe kijana wa ami wa Nizwa, wengi kule wana fowili na siku hizo hawana kazi, kwake ni matembezi.

Sur sasa. Barabara ni nzuri sana, njia kubwa mpaka mwisho, unapita Quriyat, Tiwi, bahari iko mkono wa kushoto milima mkono wa kulia, kama kilomita 200 kutoka Muscat, masaa mawili na kitu ukienda taratibu. Kwa mtu anayejifunza upande wa kulia hii ni njia nyepesi kuliko kuzunguka mjini. Kutoka Al Khoud shika ile Expressway inayopita nyuma ya vilima, usipite mjini. Ondokeni baada ya alfajiri, saa mbili na nusu mko Sur jua halijakasirika. Msikae mpaka jioni ya siku ya mwisho ya likizo.

Njiani utaona vibao vya Wadi Shab na watu wote watakwambia pitia. Pale unavuka na boti halafu unatembea juu ya mawe kama dakika 40 au zaidi, kwa magoti ya mama usijaribu, na sikukuu pamejaa hata pa kuweka gari hakuna. Na likionekana wingu la mvua milimani usiingie bondeni kabisa, wala usivuke maji yanayokatisha barabara hata ukiona fowili zinapita, watu wanakufa kila mwaka na ukivuka kwa makusudi ni kosa la kisheria.

Choo na swala simameni kwenye sheli, zile kubwa zina msikiti na duka. Mafuta ni rahisi, lita haifiki hata robo rial, hilo lisikuumize kichwa.

Mama mpeleke kwanza kule kwa majahazi. Liko moja kubwa linaitwa Fath al Khair, limeundwa hapa hapa Sur mwaka 1951, likauzwa likaenda Yemen halafu watu wa mji wakachanga pesa wakalirudisha. Limewekwa nchi kavu, gari inafika karibu, mama hana haja ya kutembea. Karibu na hapo ndiyo karakana wanakochonga, ukipita utasikia harufu ya mbao na mafuta. Halafu vukeni daraja muende Ayjah upande wa pili, kaeni ndani ya gari kwenye kivuli muangalie mlango wa khori. Majahazi yaliyokuwa yanakuja kwetu na kaskazi yalikuwa yanatokea pale. Mie nilimpeleka mama mkwe wangu wa Pemba, hakusema neno muda mrefu, akauliza tu hivi ndivyo walivyokuwa wanaiona ardhi ikipotea?

Ukifika niandikie kwa ujumbe wa ndani, chai na halwa ipo, na wazee wa hapa wanaojua Kiswahili bado wapo, mtaje jina la babu yake na la kabila huenda akatokea anayejua.

---

Tanga2Ruwi

Naongezea la kukodi. Piga video gari nzima kabla hujatoka, magurudumu, bampa chini, kioo, ndani, mwenye ofisi akiwa pembeni. Mimi kampuni moja walinidai rial 60 kwa mkwaruzo uliokuwepo tangu mwanzo, rial moja ni dola 2.60 piga hesabu, na sikuwa na ushahidi nikalipa. Uliza pia kilomita kwa siku, kampuni nyingi zinaweka kikomo kama 200, kwenda na kurudi Sur ni 400 na zaidi. Na leseni ya kimataifa ichukue huko huko kabla hujaondoka.

---

binti_mkunazini

Nimesoma hapa nikamsomea mama kwa sauti, nilipofika hapo pa ardhi kupotea akaniambia basi, nyamaza kidogo.

Tumeamua hivi. Uwanja wa ndege kijana wa mama mdogo atatuchukua, Arafa na Idi ya kwanza hatutoki. Asubuhi hiyo ya Idi baada ya swala nafanya mazoezi kwa gari ya nyumbani. Idi ya pili Nizwa tunaondoka na mama mdogo mwenyewe kwa gari yao, alikuwa anakwenda kumuona ami hata hivyo kumbe, tunalala usiku mmoja, na mtoto atapanda jabali na binamu zake. Gari nakodi siku tatu tu, otomatiki ndogo, likizo ikishaisha watu wamerudi makazini, Sur tutakwenda siku ya kawaida katikati ya wiki.

---

mzee_wa_seeb

Hapo umepiga. Jambo moja tu, wekesha hiyo gari leo, otomatiki za bei ya chini ndizo zinazoisha mwanzo sikukuu, na ichukulie uwanja wa ndege kwasababu ofisi za mjini huenda nyingine zikawa bado zimefunga. Kutoka Al Khoud mpaka uwanjani ni karibu. Ukiwa unaitoa pale, toka na kijana mbele yako na gari yake, umfuate taratibu mpaka nyumbani.