Mdogo wangu anauza dawa za kulevya mtandaoni, nizungumze naye vipi?

Kaka Mkubwa
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, matusi tuyaweke kando.

Mdogo wangu ana miaka 23. Mpole, hanywi, havuti, mtu wa kompyuta tangu utotoni. Juzi kanieleza mwenyewe kwamba anauza dawa za kulevya kwenye masoko ya mtandao wa giza, yale ya kuingia kwa Tor, programu ya kuficha utambulisho wako mtandaoni, na kulipana kwa bitcoin. Nikamuuliza, kwa nini? Majibu yake ndiyo yananinyima usingizi. Anasema haonani na mteja, hakuna wa kumtolea kisu, hana bosi. Akanifungulia ukurasa wake: nyota tano, na chini yake shukrani za watu asiowajua, "mzigo umefika, muuzaji mwaminifu". Alinisomea kwa fahari kama anayeonyesha cheti cha shule. Wazazi hawajui lolote. Nianzie wapi?

Bint Saidi
Pole sana ndugu yangu. Usianze na mahubiri, atakufungia mlango. Hizo sababu alizokupa ni za kweli kwake, na wauzaji wengi wa huko huzitaja: hofu ya vurugu za mitaani, wateja wa mbali, faida. Wengine wanaamini kabisa kwamba mtu mzima ana haki ya kutumia anachotaka. Silk Road, soko mojawapo la huko, ilianzishwa 2011 kwa imani hiyohiyo. Mwanzilishi wake, Ross Ulbricht, alikamatwa maktabani San Francisco Oktoba 2013, na 2015 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mdogo wako atakwambia Ulbricht alisamehewa na rais wa Marekani Januari 2025. Ni kweli, ila alishakaa ndani zaidi ya miaka 11.

Mzee wa Hoja
Mpeleke polisi, mjadala umeisha.

Fundi Mitambo
Mzee wangu, kwa heshima, kijana kaja kwa kaka yake kwa hiari. Tuutumie mlango huo kwanza.

Mkuu, mwulize swali moja: nani anakulinda humo? Maana usalama anaouona umo mikononi mwa wenye soko. Machi 2015 waendeshaji wa soko la Evolution walitoweka na fedha za wateja na wauzaji. 2017 polisi wa Uholanzi waliliteka soko la Hansa, wakaliendesha kimyakimya karibu mwezi mzima. Katikati ya hapo AlphaBay, soko jingine, ikafungwa, wauzaji wake wakakimbilia Hansa, mikononi mwa polisi wenyewe. 2024 soko la Incognito lilizuia fedha za watu, kisha likatishia kuanika miamala yao wasipolipa. Na bitcoin anayoiamini, kila malipo yanabaki kwenye daftari la wazi linaloweza kusomwa na yeyote, hata miaka kumi baadaye.

Mama Wawili
Baba, mimi naongea kutoka upande wa mnunuzi. Mdogo wangu wa kike aliagiza vidonge mtandaoni. Kifurushi kilikuwa kizuri, kimefungwa vizuri, hata mimi nilikishika nikadhani ni vipodozi. Tulimkuta chumbani asubuhi, tayari ameshaondoka. Nani alimpa nyota muuzaji yule? Walionusurika. Aliyezidiwa harudi kuandika maoni. Mwambie kaka yako mdogo hilo, tena umwambie mkiwa wawili tu.

Kaka Mkubwa
Mama, pole sana, Mungu amrehemu. Nitamwambia. Jana usiku nimemwuliza swali la Fundi, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema anataka kuacha ila anaogopa. Sasa nimebaki na swali langu: nikikaa kimya, na mimi nina kosa?

Bint Saidi
Inategemea sheria za nchi mliyomo, hapo usisikilize mtu wa mtandaoni, hata mimi. Tafuteni wakili wa jinai wiki hii, mwende pamoja. Kabla ya hapo usiguse kompyuta yake wala hizo fedha, na asikuombe umsaidie kufuta kitu. Kufuta ushahidi kunaweza kuwa kosa jingine, na hilo litakuwa lako.