Kaunta ya duka la dawa iwe na kimo gani kwa mtu wa kiti mwendo?

Seremala, Chake Chake:
Assalaam alaykum. Nimepewa kazi ya kaunta ya duka la dawa. Mwenyewe anaitaka ya kifuani, watoto wasifikie dawa. Lakini jirani yake mmoja hutumia kiti mwendo, nami nimemuona akimpa mtoto pesa aende kumnunulia, yeye yuko nje. Nifanyeje?

Mama wa Wete:
Waalaykum salaam, fundi. Mie natumia kiti mwendo. Kaunta ya kifuani kwako inapita utosi wangu. Muuzaji hanioni, basi humuuliza niliyefuatana naye: “Anataka nini huyu?” Na dawa ni siri ya mtu! Inabidi nipaze sauti, foleni nzima ijue naumwa nini. Wallahi kuna siku hurudi nyumbani bila ya kununua.

Usishushe kaunta yote, shusha kipande kimoja. Vipimo vya Marekani vya mwaka 2010 vinataka kipande hicho kisizidi inchi 36 toka sakafuni, mtu akisogea kwa ubavu. Mie ningekuomba ushuke hadi inchi 30, na chini uache uwazi usiopungua inchi 27 magoti yaingie, ili nimkabili muuzaji uso kwa uso. Droo usiweke hapo. Na tafadhali mwambie mwenye duka pasigeuzwe pa kuwekea makatoni, maana ndivyo inavyokuwa.

Mwalimu wa viziwi, Unguja:
Muuzaji asikae na dirisha mgongoni. Mwanga ukitoka nyuma yake uso unakuwa kiza, na kiziwi anayesoma midomo haoni kitu. Kalamu na karatasi viwepo hapo hapo.

Mwenye duka akikataa, mwambie Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inagusa hata huduma za watu binafsi zilizo wazi kwa umma.

Seremala, Chake Chake:
Ahsanteni sana. Dawa zitakaa rafu za nyuma. Ila mlangoni pana ngazi ya inchi 6.

Mama wa Wete:
Basi anza na hiyo, fundi. Kila inchi moja ya kimo inataka inchi 12 za mteremko, kwa hivyo hapo ni futi 6. Zege lisilainishwe, mvua ikinyesha magurudumu huteleza.