Fundi kaweka laptopu yangu sikioni akasema "hii maiti"

Wakuu nina hasira, kibodi yenyewe naigonga kama naua mende. Yule fundi, mnamjua wote, jina silitaji, leo kanidhalilisha mbele za watu. Laptopu ikiwa kwenye betri inafanya tik... tik..., inaganda, inaleta erori za diski, ukichomeka chaja inatulia kama mtoto aliyenyonya. Nikamweleza hivyo hivyo. Wala hakusikiliza, kachomoa chaja, kaibeba laptopu kaiweka sikioni, KAFUMBA MACHO, halafu "hii maiti, kazike". Kazike! Dada mmoja aliyekuja kuchaji simu tu kacheka mpaka kakaa chini.

Nimerudi nyumbani nikacheki SMART, ripoti ya afya ambayo diski inajiandikia: sekta mbovu sifuri, ila namba 193, zile safari za vichwa vya kusomea diski kwenda kupaki, laki mbili na ushee. Kumbe ikiwa kwenye betri mipangilio ya kubana umeme inavilaza vichwa kila baada ya sekunde chache. Nikapiga hdparm -B 254, amri ya Linux ya kuiambia diski iache kubana umeme hivyo, kimya. Maiti haina hata homa! Na alifumba macho kabisa, kama anasikiliza mapigo ya moyo.

Kiroboto: Ungemwomba asome na dua 😂😂

MzeeWaWaya: Usishangilie, ukizima ukawasha inarudi kule kule. Weka apm_battery = 254 kwenye hdparm.conf, faili la mipangilio ya hiyo amri.

Mleta uzi: Sawa mkuu, lakini ALIFUMBA MACHO.

Kiroboto: Tumesikia, alifumba.

Nusu Chaji: Sisi wa Windows je?

MzeeWaWaya: Tumia programu ya CrystalDiskInfo, pale pa AAM/APM Control, APM (kubana umeme kwa diski) ipeleke juu kabisa.

Mama Waya: Laki mbili na unajisifu? Diski nyingi za laptopu zimepimwa kuvumilia laki tatu au sita. Fundi kakosea tarehe tu. Nunua SSD, diski isiyo na vichwa.

Nusu Chaji: SSD yangu ilikufa bila hata kukohoa, usiku safi, asubuhi haionekani. Bora hiyo inayoaga.

Mleta uzi: Jamani tunaongelea fundi

Kiroboto: Fundi gani? Mi wa kwangu alirudisha laptopu na skrubu tatu zimebaki mkononi, eti hazina kazi.

Mama Waya: Nani feni yake inanguruma kama ndege inataka kupaa?

Nusu Chaji: Mimi. Nilifungua nikakuta manyoya ya paka, na paka sina.