Tupeane uzoefu: mlioingia kwenye teknolojia kwa mlango wa uani, mlipitaje?

KaraniWaZamani (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila kukicha kuna kijana anauliza asome nini ili aajiriwe kwenye teknolojia, na jibu ni lile lile: digrii ya kompyuta, mafunzo kazini, ajira, basi. Sibishi, njia hiyo ipo. Ila ukikaa ofisini ukawauliza walio jirani nawe walikotokea, utashangaa. Nilipo mimi, anayetunza seva alikuwa mpiga gitaa, na wa usalama wa mitandao alisomea theolojia. Mimi nilikuwa karani wa mahakama. Kunakili mwenendo wa kesi kulinifundisha kusoma neno kwa neno na kunusa pale maelezo mawili yanapogongana. Leo kazi yangu ni kupima programu kabla hazijamfikia mtumiaji, na sioni tofauti kubwa.

Wala si mambo ya juzi. Larry Wall, aliyeitoa lugha ya programu ya Perl mwaka 1987, alisomea isimu. Mary Allen Wilkes alihitimu falsafa mwaka 1959 akitamani uwakili, akakatishwa tamaa kwamba mwanamke hatafika mbali huko, akaangukia kwenye kompyuta. Mwaka 1965 alikuwa na kompyuta ya LINC nyumbani kwa wazazi wake, Baltimore, akiiandikia programu zake za msingi, enzi ambazo kompyuta ilikuwa kitu cha maabara na mashirika. Halafu akaacha vyote, akasoma sheria Harvard na kuwa wakili kweli kweli.

Ninachoomba, tusiletewe zile za "nilijituma nikafanikiwa". Semeni mlango ulifunguliwa na nani, kazi ya zamani iliwafaa wapi, na mlipoteza nini. Kwa upande wangu, nilirudi ngazi ya chini kabisa, nikipangiwa kazi na vijana wa rika la wanangu. Wengine walikuwa waungwana. Wengine, Mungu awasamehe.

SindanoNaKibodi

Mimi ni muuguzi. Tuliletewa mfumo mpya wodini, na ukimpokea mgonjwa lazima ujaze tarehe ya kuzaliwa, la sivyo husongi mbele. Sasa usiku analetwa majeruhi wa ajali, hajitambui, hana kitambulisho, hana ndugu. Unajaza nini? Mmoja wetu akagundua kwamba 01/01/1900 inapita. Tukaidaka wote.

Matokeo yake kila asiyejulikana akawa na umri wa zaidi ya miaka mia. Daktari akiandika dawa, mfumo unapiga kelele: mgonjwa mzee, punguza dozi, angalia figo. Na aliyelala pale ni kijana hajafika hata thelathini. Madaktari wakazoea kubofya "endelea" bila kusoma, na hapo ndipo palinitisha, maana siku onyo likiwa la kweli nalo litabofywa hivyo hivyo.

Waliotengeneza mfumo walipokuja kutufundisha, nikawawekea karatasi mezani: tatizo ni nini, linatokea lini, wauguzi wanalikwepaje, nani anaumia. Kiongozi wao akaisoma mara mbili, akauliza nimejifunza wapi kuandika hivyo. Nikamwambia ndivyo tunavyokabidhiana zamu. Baadaye wakanitafuta. Sikuwa najua kuandika hata mstari mmoja wa programu. SQL, lugha ya kuchota data kwenye mfumo, nimejifunzia humo humo ndani, kwa kuchoka kuomba watu wanitolee takwimu.

Nilichopoteza? Mikono. Kutafuta mshipa wa mtoto mchanga ni ustadi unaotaka mazoezi ya kila siku, na mimi sinao tena. Wodini wananiita mtu wa kompyuta, kwenye kompyuta wananiita nesi.

Mbishi_Halali

Hadithi tamu, lakini tusidanganyane. Siku hizi CV inachujwa na mashine kabla binadamu hajaiona. Huna digrii, huyo kiongozi wa kusoma karatasi mara mbili utamkutia wapi? Wanaosimulia humu ni waliopita. Waliokwama hawaanzishi uzi.

KandaYaUsiku

Mbishi, hoja yako nusu naikubali. Dada Sindano hakupeleka CV, na nadhani hilo ndilo jibu la nusu iliyobaki.

Mimi chuo sikukikanyaga. Niliajiriwa kubadilisha kanda za sumaku usiku, kwenye chumba cha kompyuta kubwa za benki. Programu ikianguka, mashine inachapa lundo la karatasi zilizojaa namba za heksadesimali (za msingi wa kumi na sita), yaani kumbukumbu ilivyokuwa dakika ile ya kuanguka. Kazi yangu ilikuwa kumpigia simu mwandishi wa programu aamke aje. Mmoja wao alichoka kuamshwa. Akanionyesha namna ya kutafuta anwani ya agizo lililokwama, kuilinganisha na orodha iliyochapwa ya programu, kisha kuangalia ni data gani ilikuwa mkononi. Mara nyingi ni herufi imekaa mahali pa namba. Nikawa namsomea kwa simu, yeye ananiambia cha kufanya akiwa kitandani. Ikafika mahali hata simu sipigi. Mkubwa wa idara alipojua, hakuwa na la kufanya ila kunibadilishia cheo.

COBOL, lugha ya programu tuliyokuwa tukiitumia, ilibuniwa mwaka 1959, na tangu niko kijana naambiwa inakufa. Mwaka 2000 ulipokaribia ndipo tulikumbukwa, kwa sababu miaka ilihifadhiwa kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi. Tukasahauliwa tena. Aprili 2020 gavana wa New Jersey, Phil Murphy, akasimama hadharani kuomba wanaojua COBOL wajitolee, mifumo ya malipo ya waliokosa ajira ilikuwa imeelemewa. Mimi nimeshastaafu na bado naitwa, na wanaoniita hawana habari na vyeti. Kijana asiyetaka foleni atazame mifumo ambayo wenzake wanaionea aibu. Iko mingi.

SikioKwanza

Shikamoo mzee Kanda. Hiyo ya kusomeana programu kwa simu imenifurahisha, maana mimi kazi yangu yote ni ya kusikiliza. Sioni tangu kuzaliwa.

Natumia NVDA, kisoma skrini, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kwa kasi ambayo ukikaa pembeni utadhani ni kelele za mashine. Lugha ya programu ya Python hutegemea nafasi mwanzoni mwa mstari kujua kipi kiko ndani ya kipi. Ninyi mnaona, mimi nimeiweka NVDA inipigie mlio unaobadilika kadiri mstari unavyoingia ndani. Mlio ukiwa si wenyewe, kosa nimelijua kabla sijasomewa neno.

Nilikuwa napokea simu za wateja. Kampuni ikabadilisha tovuti, nikawa nikipita humo nasikia "kitufe, kitufe, kitufe", hakuna kinachosema ni kitufe cha nini. Nikarekodi sauti hiyo kama nilivyoisikia, nikawatumia waliotengeneza, na maneno machache: huyu ni mteja wenu anajaribu kulipa. Waliniita siku chache baadaye, nikaanza kuwakagulia kurasa, polepole nikawa nazirekebisha mwenyewe. Kwingine nimefika kwenye usaili nikapewa kalamu niandike ubaoni. Nilicheka peke yangu.

Na zana zenyewe hazikutoka kwa watu wa njia iliyonyooka. JAWS, kisoma skrini kingine, kilichotoka mwaka 1989 kwa ajili ya DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi hizo, ni kazi ya Ted Henter, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki hadi ajali ya gari ya mwaka 1978 ilipompofusha. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote Waaustralia wasioona, ili asiyemudu kununua asikose. Inapatikana bure mpaka leo.

PenseliMezani

Nami nichangie upande wa wenye watoto, maana naona mnaongea kama watu wote wana usiku wa kukesha wakijifunza.

Nilikuwa mwalimu wa kemia. Sasa naandika miongozo ya watumiaji na ya wahandisi, asubuhi tu, mchana ni wa wanangu. Aliyenifungulia mlango ni mzazi wa mwanafunzi wangu, aliona notisi nilizokuwa nawaandalia watoto. Kueleza jaribio hatua kwa hatua ili mtoto asijiunguze na kueleza namna ya kusimika programu, akili inayotumika ni moja.

Mkitaka mfano, Stephanie Shirley wa Uingereza alianzisha kampuni mwaka 1962 kwa mtaji wa pauni 6, akaajiri karibu wanawake watupu, wengi wenye watoto, wakiandika programu nyumbani kwa penseli na karatasi. Barua alizosaini kwa jina lake zilikuwa hazijibiwi, akaanza kusaini "Steve", zikajibiwa. Mteja akipiga simu, alikuwa anawasha kanda ya sauti za taipureta ili makelele ya nyumbani yasisikike. Na hao hao walifanya kazi ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Hasara yangu ni vyeo. Mambo makubwa huamuliwa kwenye vikao vya jioni, na jioni mimi sipo. Wanasema wananielewa, halafu wanampa mwingine.

RandaNaMsumeno

Mbishi, mimi CV yangu haikupita kwenye mashine yoyote. Nilikuwa narekebisha maktaba ya programu huria, yaani fungu la msimbo ambalo yeyote anaweza kulitumia ndani ya programu yake, vitu vidogo vidogo, na kila badiliko linabaki kwenye Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko, na jina langu na sababu yake. Mwajiri alikuwa anaitumia maktaba hiyo, akasoma historia, akaniandikia. Kwenye usaili tulijadili badiliko moja nililolikataa na kwa nini, hakuna kingine. Kwa hiyo mlango huo upo.

Lakini usiingie humo ukiwa umefumba macho. Waliokuwa wakiitunza waliondoka mmoja mmoja, nikabaki peke yangu. Nafungua barua asubuhi, kampuni ambayo haijawahi kunitumia hata senti inadai nirekebishe "haraka iwezekanavyo", na imenitajia na siku ya mwisho! Hitilafu ya usalama iliyoitwa Heartbleed ilipofichuka mwaka 2014, dunia ndiyo ikajua kwamba OpenSSL, inayolinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Desemba 2021 ikawa zamu ya hitilafu ya Log4j, maktaba nyingine huria, nayo inatunzwa na watu wa kujitolea. Walisifiwa wiki moja.

Mimi nilikabidhi maktaba kwa mwingine nikajifunza useremala. Nusu ya mwaka naranda mbao, nusu nachukua mikataba mifupi ya programu. Watu hudhani nimechanganyikiwa. Kwa taarifa yenu, mbao haina mtu wa kukuandikia saa nane za usiku.

NimechelewaKweli

Samahani wakubwa. Nimeshapita hamsini, nilikuwa kwenye bima. Naweza kuanza, au niache tu?

KaraniWaZamani

Masako Wakamiya wa Japani, aliyekuwa mfanyakazi wa benki, alitoa mchezo wake wa iPhone mwaka 2017 akiwa na miaka 81. Lakini usimfuate yeye, fuata alichokifanya: alitaka mchezo ambao mzee atauweza, hakuuona, akautengeneza. Wewe umekaa na bima miaka yote hiyo. Unajua fomu ipi ya madai inawatoa watu machozi na kwa nini. Anza kwa kuiandika kama alivyofanya dada Sindano, kisha uulize ni nani anatengeneza mfumo huo. Kujifunza lugha ya programu kutafuata, tena utajua unaitakia nini.

Mbishi_Halali

Sawa, nimerudi nyuma hatua moja, si mbili. Dada Sindano, umetuacha njiani. Ile 1900 mliimalizaje? Si mliruhusu tu pengo libaki wazi?

SindanoNaKibodi

Ingekuwa pengo tu tungemaliza siku hiyo hiyo, kaka. Ripoti za malipo zilikuwa zinakokotoa umri kutokana na ile tarehe, zikikuta pengo zinakufa. Tukaweka vitu viwili: alama ya "haijulikani", ambayo ripoti zinaisoma kwanza, na umri wa kukadiria, ili maonyo ya dozi yatoke kwa mtu aliyelala pale.

Rekodi za zamani hatukuzibadilisha kwa mkupuo, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walishatambuliwa na wengine walikuwa na faili mbili, moja ya jina na moja ya 1900. Nilikaa na watu wa masjala tukazipitia moja moja kwa kulinganisha na makaratasi. Hiyo ndiyo iliyochukua muda, na hakuna mwandishi wa programu aliyetaka kuifanya.

Sasa ukijaza 1900 mfumo unakataa. Wiki ya kwanza wakahamia 1901, nayo tukaifunga.