Kobla ya matunda: kikaango cha chuma cha kusubu, cha enameli, au bakuli la kioo?

Nuru_Jikoni
Wakuu, habari zenu. Nataka kununua chombo cha kuokea kobla, ile ya matunda yanayotokota chini na unga wenye siagi unaoumuka juu yake. Nimeangalia video mpaka kichwa kimejaa. Wengi wanatumia kikaango cheusi cha chuma cha kusubu, kile kizito, na kinafika mezani bado kinachemka. Wengine wana chuma hicho hicho kilichopakwa enameli, ule utando mgumu unaong'aa kama kioo, wengine bakuli la kioo. Uwezo wangu ni chombo kimoja tu na nataka kununua wiki hii. Nichukue kipi?

Fundi_Oveni
Mkuu, umeomba dawa bila kusema unaumwa wapi. Matunda gani? Mnakula watu wangapi? Unga wako ni rojo la kumimina au madonge ya kudondosha? Na oveni yako ndani ina ukubwa gani? Jibu hata moja kati ya hayo linaweza kugeuza ushauri wote.

Bi_Mdalasini
Chukua cha chuma, tena bila kusita. Weka kikaango kwenye oveni inapopata moto, tia siagi gramu 110 hivi, iache iyeyuke. Povu likianza kutulia, mimina rojo katikati: kikombe cha unga wa ngano, kikombe cha sukari, kikombe cha maziwa, beking pauda kijiko cha chai na nusu, chumvi kidogo. Usikoroge. Utasikia rojo linachachatika pembeni na utaiona siagi inapanda kulizunguka. Tandaza matunda juu yake, na hapo pia usikoroge. Nyuzi 180 za Selsiasi, dakika 45 au zaidi kidogo. Unga unapanda wenyewe na kuyafunika matunda, na ule ukingo uliogusa chuma unakuwa wa kahawia, mkavu, una utamu wa sukari iliyoungua kidogo. Kwangu mimi, huo ukingo ndio kobla yenyewe. Huwezi kuupata kwenye kioo, kwa sababu huwezi kumimina rojo la baridi kwenye kioo cha moto ukalala usingizi.

Kijiko_cha_Mti
Bi Mdalasini, heshima yako, lakini hiyo ni keki yenye matunda. Kobla ni matunda chini, madonge ya unga juu, na kati ya donge na donge mchuzi wa matunda unapenya. Walioianzisha kule Marekani hawakuwa na haja ya rojo.

Bi_Mdalasini
Ndugu yangu, hao hao Wamarekani wanazo zote mbili na zote wanaziita kobla, hasa kwenye majimbo ya kusini. Tusimchanganye mgeni.

Mama_Wawili
Mimi naomba nimwambie Nuru habari ya kioo, maana limenitokea.

Nilikuwa na bakuli la kioo nililolipenda sana. Nimeokea ndani yake miaka, halijawahi kuleta shida. Siku hiyo lilikuwa na pichi na madonge juu, limeiva vizuri, rangi yake nzuri. Nikalitoa, nikaliweka kwenye kaunta ya mawe pale pale ninapoliweka siku zote, nikageuka kuchukua vijiko. Nikasikia mlio mmoja mkavu. Sikudhani ni bakuli, nilidhani kuna kitu kimeanguka chumba cha pili. Nilipogeuka mchuzi wa pichi ulikuwa unatiririka kuelekea ukingoni mwa kaunta na kushuka kwenye droo, na ndani ya mchuzi kuna vipande vya kioo, vingine vikubwa kama kiganja, vingine huwezi kuviona mpaka mwanga uvipige. Watoto walikuwa wanakuja mbio kwa sababu harufu ilishawafikia. Nilipiga kelele wasimame mlangoni. Kobla yote ilikwenda kwenye taka, huwezi kuokoa hata kijiko, maana kipande kidogo cha kioo kikizama kwenye sharubati nzito hukioni. Tuliendelea kuokota vipande kwa siku kadhaa baadaye, kimoja nyuma ya jiko.

Fundi aliniambia baadaye kuwa kioo hukusanya mikwaruzo midogo midogo, na siku joto lake linapobadilika ghafla upande mmoja, mkwaruzo mmoja unaachia. Na jiwe la kaunta ni la baridi kuliko unavyodhani. Tangu hapo kioo kwangu ni cha saladi.

Fundi_Oveni
Pole sana dada. Ni kweli, na kaunta yenye maji ni mbaya zaidi. Anayetumia kioo akiweke juu ya kitambaa kikavu au ubao, asikitoe kwenye friji na kukiingiza kwenye oveni yenye moto, na asikipeleke kwenye moto wa jiko. Lakini tukitendee haki: kioo hakiongezi ladha yoyote kwenye matunda, na unaona chini kama unga umeiva. Kinachosahauliwa ni kwamba kioo kinapitisha mionzi ya joto, kwa hiyo kingo zinaungua mapema. Ushauri wa kawaida ni kushusha moto kama nyuzi 15.

Chumvi_Kidogo
Nashangaa hakuna aliyegusa asidi. Chuma kitupu na matunda makali havikai pamoja muda mrefu. Pichi na matufaha havisumbui sana. Beri, plamu chachu, cheri chachu, na limau mnalokamulia kila kitu, hayo yanakula ule utando wa mafuta ulioungua juu ya chuma. Ladha inakuwa na kitu cha ulimi kugusa sarafu. Na rangi: rangi nyekundu ya beri ikikutana na chuma inaelekea zambarau ya kiza, karibu kijivu. Donge lililogusa ukingo linatoka na mstari mweusi chini yake. Halina sumu, lakini hulitaki mezani.

Ukiwa na kikaango chenye utando mzuri wa siku nyingi, kuoka kwa dakika 45 ni sawa. Tatizo kubwa ni mabaki. Kobla iliyobaki ihamishie kwenye chombo kingine usiku huo huo. Ikilala kwenye chuma, asubuhi utakuta sharubati imebadilika na pembeni kuna duara la kahawia lililoanza kubanduka.

Nuru_Jikoni
Samahani kwa kuchelewa, na asanteni nyote. Pole sana Mama Wawili, nimesoma mara mbili.

Majibu: tunakula watu wanne, wageni wakija sita. Matunda ni pichi mara nyingi, lakini napenda sana beri na ninazo za kugandishwa kwenye friza. Unga bado sijaamua. Oveni ni ile ndogo ya kuweka mezani, ndani ina sentimeta 34 kwa 30 hivi.

Fundi_Oveni
Ndiyo maana niliuliza. Kikaango cha kusubu cha inchi 10, chenye mdomo wa sentimeta 25, kina mpini unaokipeleka karibu sentimeta 40 kutoka ncha hadi ncha. Mlango wa oveni yako hautafunga. Cha inchi 12 ndiyo kabisa, na uzito wake uko kwenye kilo tatu na nusu. Kabla ya kununua chochote, kata boksi la karatasi umbo la kikaango pamoja na mpini wake, liingize ndani, ufunge mlango.

Kijiko_cha_Mti
Kinaweza kuingia kwa kona, mpini ukielekea pembeni.

Fundi_Oveni
Pima kona ukitaka, kwenye 34 kwa 30 unapata kama 45. Lakini kumbuka duara la kikaango lenyewe linahitaji nafasi upande wa pili, halisogei mpaka kwenye ncha ya kona. Na hata kikiingia, kitakaribiana mno na zile nondo za joto, juu itaungua kabla matunda hayajachemka.

Bi_Mdalasini
Basi achukue cha inchi 8. Kinaingia. Apunguze vipimo vyangu kwa nusu, aoke mara mbili wageni wakija. Kobla ya pili ikiingia wakati ya kwanza inaliwa, kila mtu anakula ya moto.

Chumvi_Kidogo
Au achukue chombo cha kusubu chenye enameli na masikio mawili mafupi badala ya mpini, kipana na kifupi cha kimo. Kinaingia kwenye oveni ndogo, beri hazikisumbui, mabaki yanaweza kulala humo. Ndani yake kwa kawaida ni cheupe au rangi ya krimu, kwa hiyo unaiona siagi inapogeuka kahawia kabla haijaungua. Kwenye kikaango cheusi huoni, unategemea pua.

Bi_Mdalasini
Enameli inapasuka kingo ikigongwa. Na huwezi kuipasha ikiwa tupu.

Chumvi_Kidogo
Haihitaji kupashwa tupu. Weka siagi ndani tangu mwanzo, vipate moto pamoja. Na usiigonge.

Jivu_na_Mafuta
Naingia hapa kwa ajili ya chuma kitupu, maana naona kinasemwa vibaya na watu wasiokitunza. Utando unajengwa. Paka mafuta ya kupikia kidogo sana, futa mpaka uone kama umeyaondoa yote, kigeuze kifudifudi kwenye oveni ya nyuzi 230 mpaka 260 kwa saa moja, kiache kipoe humo humo. Rudia. Wengi wanamwaga mafuta mengi, yanaganda kwa madoa yanayonata, halafu wanasema chuma kibaya. Na jamani, msiguse sabuni.

Fundi_Oveni
Hapo kwenye sabuni sikubaliani, ndugu. Hofu hiyo ilianza enzi za sabuni zenye magadi makali yaliyokuwa yanatafuna utando. Sabuni ya maji ya leo haiwezi, kwa sababu mafuta yale yameshaungana yakawa kitu kingine kabisa, si mafuta tena. Kinachoharibu ni kukilowesha usiku kucha na kukiacha kikauke chenyewe. Na kobla huacha sukari iliyoganda. Kuikwangua bila sabuni ni kuacha harufu ya leo kwa chakula cha kesho.

Jivu_na_Mafuta
Chumvi ya mawe na kitambaa vinatosha. Maji ya moto kama sukari imeshika. Sijawahi kuhitaji sabuni.

Kijiko_cha_Mti
Na kama kikaango ndicho kilichokaangia vitunguu na samaki? Mimi nilikula kobla ya matufaha kwa rafiki, ina harufu ya kitunguu saumu mpaka kijiko cha mwisho. Kikaango cha kitamu kiwe cha kitamu peke yake.

Jivu_na_Mafuta
Kiingize kwenye oveni ya nyuzi 200 kikiwa kitupu kwa nusu saa, harufu inapungua sana.

Mama_Wawili
Nuru, pamoja na chombo, angalia hizo beri za friza. Zinatoa maji mengi kuliko mbichi. Usiziyeyushe kwanza ukamwaga maji yake, utakuwa umemwaga ladha. Changanya na sukari na konflawa zikiwa bado zimeganda, kisha ziweke kwenye oveni peke yake mpaka zianze kutoa mapovu katikati. Hapo ndipo udondoshe madonge. Ukiweka unga juu ya matunda ya baridi, juu utakuwa wa kahawia na chini utabaki unga mbichi unaonata kwenye meno. Na konflawa haishiki mpaka mchuzi uchemke kweli, mapovu mazito, si mvuke tu wa pembeni.

Fundi_Oveni
Hili la Mama Wawili ni kubwa kuliko chombo. Mwenye kipimajoto achome donge la katikati, nyuzi 93 limeiva. Na kwa chuma, enameli au kitupu, itoe dakika chache kabla ya hapo ulipozoea, kwa sababu chuma kinaendelea kupika nje ya oveni. Iache itulie dakika 20 hadi 30 ndipo mchuzi unakuwa mzito. Mpini au masikio uyavalishe kitambaa muda wote huo. Watu huungua kikaango kikiwa mezani, wameshasahau kwamba dakika 20 zilizopita kilikuwa motoni.

Nuru_Jikoni
Kumbe nilikuwa nauliza robo ya swali. Kioo nimekitoa kwenye orodha. Kesho nakata boksi nipime. Ninaelekea kwenye chenye enameli na masikio mawili, ila maneno ya Bi Mdalasini kuhusu ule ukingo yananivuta. Je, kwenye enameli ukingo huo unapatikana?

Chumvi_Kidogo
Unapatikana, ukiacha siagi ipate moto vizuri kabla ya rojo.

Bi_Mdalasini
Unapatikana nusu.

Kijiko_cha_Mti
Ukiweka madonge huuhitaji.

Mpya_Hapa
Naomba kuuliza pembeni: kwenye rojo nikiweka magadi badala ya beking pauda, mbona beri zangu zilizungukwa na rangi ya kijani?

Chumvi_Kidogo
Ni magadi hayo hayo. Rangi ya beri hubadilika ikikutana na alkali, inaenda bluu kisha kijani. Kama lazima utumie magadi, weka kidogo na uyasawazishe na mtindi kwenye rojo.

Jivu_na_Mafuta
Turudi kwenye mafuta ya kujengea utando. Kuna anayetumia mafuta ya mbegu za kitani? Yangu yalitoka magumu na yanang'aa, halafu yakaanza kubanduka kama magamba.

Fundi_Oveni
Yanajulikana kwa hilo, yanakauka kwa ugumu usionyumbulika. Rudi kwenye mafuta ya kanola au soya. Fungua uzi mpya, tutakuja wengi.