Yule jamaa wa mabango hapa Mwanga kaniozesha bibi yangu!

Wakuu, natetemeka kwa hasira, mnivumilie.

Mnamjua. Yule wa Mwanga, spika mlangoni, "njoo kesho" mdomoni. Hela ya bango kachukua yote. Nilimwandikia kwa herufi kubwa: HARUSI YA ELIAS NA BIBIANA. Jana linakunjuliwa ukumbini: HARUSI YA ELIAS NA BIBI.

BIBI, wakuu!

Na bibi mzaa mama kaletwa kutoka Kasulu, kakalishwa mbele, kitenge kipya. MC naye anasoma kama lilivyo. Ukumbi mzima ukamgeukia bibi! Baba mdogo anauliza, "Bibi yupi, wa Heru Juu au wa Manyovu?" Mke wangu analia, wanja umefika kidevuni.

Nampigia jamaa: "Maneno yalizidi, bosi, mashine imekata yenyewe." Picha zote za harusi nimesimama chini ya BIBI. Ukumbi mzima, wakuu, macho kwa bibi!

MgebukaMkavu: Hongera sana. Mahari umempa babu?

FundiRedio: Programu nyingi nafasi ikiisha zinakata mkia kimyakimya. Meseji moja ya simu ni herufi 160, ukitia emoji inashuka hadi 70. Hata pasipoti, ile mistari miwili ya chini ni herufi 44 kila mmoja, jina refu halifiki mwisho.

Elias_wa_Mwanga: Nani kauliza pasipoti? Nimesema walimgeukia bibi!

MamaDagaa: Afadhali wewe. Kuna mnunuzi Kibirizi, mizani inasoma kilo 1.9, anaandika 1. Eti nukta hahesabu. Akikuuzia yeye, nukta inarudi.

Mnyamwezi_Asilia: Njooni Tabora. Fundi nimemwambia apunguze suruali inchi moja, sasa naivalia kuogelea.

MamaDagaa: Mwenye kofia nyekundu? Ana vitenge vya wifi yangu tangu Idi!

Mnyamwezi_Asilia: HUYOHUYO! Ukienda anajifanya anaswali.

MgebukaMkavu: Kabla hatujahama, bibi mwenyewe alisemaje?

Elias_wa_Mwanga: Anaomba bango aende nalo Kasulu. Si mada hiyo!

MgebukaMkavu: Bibi apewe haki yake.

Juma_Ujiji: Huyo fundi kofia nyekundu ana koti langu pia. Wenye vitambaa kwake tujiorodheshe hapa, Jumamosi tumvamie kabla ya adhuhuri.

MamaDagaa: Vitenge viwili, andika.